Zege la kuvundika: nguvu ya asubuhi na deni la baadaye

Simu ililia Ijumaa usiku, saa tatu na nusu za huku Uingereza, na nyumbani ilikuwa imeshapita saa sita ya usiku. Aliyepiga ni mpwa wetu, mtoto wa dada, ambaye ndiye anayetusimamia kibanda chetu tunachokijenga pole pole huko Tanga, tofali kwa tofali, kila mshahara unapobaki kidogo.

"Shikamoo mjomba. Samahani kwa kukusumbua usiku. Fundi anataka kung'oa mirunda kesho asubuhi."

Zege la ghorofa lilikuwa limemwagwa Jumatatu. Tukamwuliza, mbona haraka hivyo? Akasema mbao na mirunda ni mali ya fundi, zinasubiriwa kwenye saiti nyingine, na kila siku zinapokaa kwetu fundi anakosa kazi. "Mwenyewe amelipiga nyundo, mjomba. Anasema linalia kama kengele, limeshakauka."

Ndugu wasomaji, wengi wenu mlio ughaibuni mnaijua simu ya namna hii. Fedha zimetumwa, macho hayafiki, na uamuzi unatakiwa kabla jua halijachomoza. Tulimwambia mpwa wetu asiruhusu mrunda hata mmoja kuondoka, na kwamba tutampigia tena asubuhi. Jibu hilo hatukulitoa kwa woga tu. Tulilitoa kwa sababu ya kazi tuliyoifanya tulipofika nchi hii, na leo tumeona bora tuwasimulie, kwani ndani yake mna somo kwa kila anayejenga nyumbani na kwa kila kijana wetu anayefanya kibarua kwenye viwanda vya zege huku nje.

ZAMU YA USIKU

Tulipopata karatasi za kuishi Uingereza mwaka 2009, kalamu haikuweza kutulisha. Mwandishi wa habari wa Kiswahili katika mji wa kaskazini ya Uingereza ni sawa na muuza madafu kwenye theluji. Tukaandikishwa na wakala wa vibarua, tukapelekwa zamu ya usiku katika kiwanda kinachotengeneza lenta na boriti za zege za kujengea sakafu. Tulifanya kazi hapo kwa majira matatu ya baridi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nyaya nene za chuma zinavutwa kwa nguvu kubwa kati ya vizuizi viwili, kwenye kitanda kirefu cha chuma. Zege linamwagwa kuzizunguka, linatetemeshwa kwa mashine ili hewa itoke, kisha kitanda chote kinafunikwa kwa turubai. Chini ya turubai hilo unapitishwa mvuke kutoka kwenye bwela. Pembeni, chini ya turubai lile lile, inawekwa michemraba midogo iliyojazwa zege lile lile. Asubuhi mchemraba unatolewa na kukandamizwa kwenye mashine mpaka upasuke, na mashine inasema umehimili mzigo kiasi gani. Namba ikifika, nyaya zinakatwa, na ule mvuto wake unahamia ndani ya zege na kulibana. Boriti zinanyanyuliwa na kreni, kitanda kinasafishwa, na mchana kinamwagwa tena.

Namba isipofika, hakuna anayethubutu kukata. Zege changa haliwezi kuzishika nyaya hizo. Nyaya huteleza kwenye ncha, na boriti inaharibika kabla haijatoka kiwandani.

Kwa nini wahangaike na mvuke? Kwa sababu kitanda ndicho chenye thamani. Wakati wa baridi, bila mvuke, kitanda kimoja kingekaliwa na zege lile lile kwa siku kadhaa, na kiwanda kingefunga mlango. Hebu tazameni: mwenye kiwanda wa Uingereza na fundi wetu wa Tanga wana shida moja. Wote wawili wanataka fomu yao irudi mkononi kesho. Tofauti ni kwamba wa huku ananunua gesi ya kuchemshia maji na mashine ya kupimia, na wa kule ana nyundo na sikio lake.

ZEGE HALIKAUKI, HUNYWA

Kosa la kwanza limo kwenye maneno yetu wenyewe. Tunasema zege "limekauka". La hasha! Saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Huwa ngumu kwa kunywa maji na kuungana nayo, mpaka yatokee madini mapya yanayofumana kama mizizi na kushika mchanga na kokoto. Ndiyo maana saruji huganda hata chini ya maji, kama wanavyojua wajenzi wa gati na madaraja. Chokaa ya kuta za wazee wetu wa pwani ni jambo jingine. Yenyewe hutaka hewa ili iwe jiwe tena. Saruji hutaka maji.

Ndani ya chembe za saruji kuna madini yenye haraka, yanayotoa sehemu kubwa ya nguvu ya wiki ya kwanza, na kuna mengine ya polepole yanayoendelea kufanya kazi kwa wiki na miezi. Ndiyo sababu wahandisi duniani kote wamezoea kupima nguvu ya zege katika siku ya 28. Siku hiyo haina muujiza wowote, ila kazi kubwa inakuwa imeshafanyika.

Kinachoharakisha au kuchelewesha kazi hiyo ni joto. Kwenye nyuzi joto 5 za Sentigredi saruji hujikokota. Maji yakiganda kuwa barafu, kazi husimama. Kwenye nyuzi 60 hukimbia. Lakini moto mtupu hauwezi kutumika, kwani ungekausha maji ambayo saruji inayahitaji. Mvuke huleta joto na unyevu kwa pamoja. Hiyo ndiyo siri yote ya bwela lile: zege linapashwa bila kukaushwa.

Kwa lugha ya kwetu, huku ni kuvundika. Mkungu wa ndizi ukiachwa mgombani huiva kwa wakati wake. Ukifukiwa shimoni na kutiwa joto, siku chache tu ndizi ni za manjano. Zege lililovundikwa vizuri kwa mvuke linaweza kufikia, katika muda usiozidi siku moja, zaidi ya nusu ya nguvu ambayo lingeipata siku ya 28, na mara nyingi karibu theluthi mbili yake. Lakini kila aliyekula ndizi ya kuvundika anajua kwamba anayevundika kwa pupa hula ndizi ya manjano kwa nje na ngumu kwa ndani. Tutalirudia hilo.

HESABU ILIYOZALIWA KATIKA MVUKE

Baada ya Vita Kuu ya Pili, watafiti wa Uingereza walitafuta njia ya kulinganisha zege lililopikwa kwa saa chache na zege lililokaa siku nyingi. Mwaka 1949 Nurse, na mwaka 1951 Saul, katika maandiko yao kuhusu mvuke, walitoa wazo jepesi: zidisha joto kwa muda, jumla yake ndiyo ukomavu wa zege. Zege la mchanganyiko mmoja lenye ukomavu sawa lina nguvu inayokaribiana, liwe lilipata joto kali kwa muda mfupi au joto dogo kwa muda mrefu.

Hesabu yenyewe haianzii kwenye sifuri. Kwa kawaida huanzia kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, kwa hiyo joto lolote huongezwa 10. Tuchukue mfano wa kwetu. Mji wa pwani wenye wastani wa nyuzi 27 usiku na mchana unahesabiwa 37 kwa siku; siku 4 ni 148. Mji wenye nyuzi 20 unahesabiwa 30 kwa siku. Utafikia 150 baada ya siku 5. Mji wa huku wakati wa baridi, wenye nyuzi 5, unahesabiwa 15 kwa siku. Utahitaji karibu siku 10. Hivyo siku 4 za Tanga ni siku 10 za baridi ya Uingereza, almuradi zege halikosi maji.

Hesabu hii nyepesi hupungukiwa kwenye joto kali, na baadaye watafiti wa Denmark, mwaka 1977, walitoa nyingine inayofuata kanuni za kemia. Hata hivyo wazo limebaki lile lile: usihesabu siku tu, hesabu na joto.

Bahati mbaya, dunia ililazimika kulijifunza hilo kwa damu. Tarehe 2 Machi 1973, katika eneo la Bailey's Crossroads, jimbo la Virginia nchini Marekani, jengo refu lililokuwa likijengwa liliporomoka na kuua wafanyakazi 14. Uchunguzi ulionyesha kuwa mihimili ya muda chini ya sakafu ya 23 iliondolewa mapema, wakati zege lilikuwa bado changa na hewa ilikuwa ya baridi.

Miaka mitano baadaye, tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island, West Virginia, yalitokea makubwa zaidi. Wafanyakazi walikuwa wakijenga mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme. Jukwaa walilosimama lilishikizwa kwenye zege la mnara wenyewe, na kila siku walimwaga pete mpya ya zege juu ya ile ya jana. Usiku ule ulikuwa wa baridi. Asubuhi walipoanza kupandisha zege jipya, pete ya jana haikuweza kuhimili mzigo. Ilichomoka, na jukwaa likafuatia kuzunguka mnara wote, kutoka kimo cha karibu mita 51. Walikufa watu 51, na hakupona hata mmoja wa waliokuwa juu ya jukwaa.

Wachunguzi wa serikali ya Marekani walieleza kuwa sababu yenye uwezekano mkubwa ni mzigo kuwekwa juu ya zege ambalo halijapata nguvu ya kutosha. Baada ya misiba hiyo hesabu ya ukomavu, iliyozaliwa katika viwanda vya mvuke, ilivutwa mpaka kwenye saiti za kawaida, na mwaka 1987 Marekani ikaifanya kuwa kipimo rasmi.

Zege la Willow Island lilikuwa na umri wa kutosha kwa macho ya waliokuwepo. Kwa joto la usiku ule, lilikuwa bado kitoto.

HATUA NNE ZA USIKU MMOJA

Turudi kiwandani. Kuvundika zege kwa mvuke kuna hatua nne, na kila moja ina sababu yake.

Ya kwanza ni kusubiri. Zege likishamwagwa halipewi mvuke papo hapo. Huachwa saa 2 mpaka 5 lianze kushikana lenyewe. Ya pili ni kupandisha joto taratibu, kama nyuzi 10 mpaka 20 kwa kila saa. Ya tatu ni kulishikilia joto la juu, mara nyingi kati ya nyuzi 50 na 70, kwa saa 6 mpaka 12. Ya nne ni kulishusha pole pole, ili uso wa nje usipoe na kusinyaa wakati tumbo la boriti bado lina moto.

Hatua ya kwanza ndiyo inayochukiwa na wenye haraka, kwani macho hayaoni faida yake. Usiku mmoja wa Januari kulikuwa na oda iliyochelewa. Msimamizi wetu wa zamu, mzee aliyekuwa na miaka mingi katika kazi hiyo, hakuwepo, na aliyeshika nafasi yake alikuwa akisukumwa na ofisi. Akatuamuru tufungue mvuke mara tu turubai lilipotandazwa. Tukafungua. Kibarua wa wakala haulizi maswali.

Asubuhi tulipofunua tuliona sura ya juu ya boriti imevimba kidogo na imejaa nyufa nyembamba kama uso wa udongo wa chumvi. Mchemraba ukawekwa kwenye mashine, ukapasuka kabla ya namba. Wakasubiri mpaka saa saba mchana ndipo namba ikafika, na kitanda kikapoteza siku ile ile waliyotaka kuiokoa. Boriti zile ziliwekwa kando, hazikuuzwa.

Yule mzee aliporudi hakugomba. Alichukua kipande cha mchemraba uliopasuka, akatuonyesha vitundu vyake, akatueleza kwa maneno mepesi. Ndani ya zege bichi mna vitu vinne: kokoto, saruji, maji na viputo vya hewa. Ukivipasha moto vyote hutanuka, lakini si sawasawa. Jiwe hutanuka kidogo sana. Maji hutanuka mara nyingi zaidi ya jiwe, na hewa hutanuka kuliko vyote. Zege likiwa limeshashikana lina nguvu ya kuizuia hewa na maji visilipasue. Likiwa uji, halina. Kila kiputo kinakuwa tundu, na kila tundu ni udhaifu utakaobaki maisha yote ya boriti ile.

Hapa ndipo zege na mota zinapotofautiana. Mota ni saruji, mchanga na maji, haina kokoto. Zege lina kokoto, na kuizunguka kila kokoto pana ukanda mwembamba ambapo saruji ni legevu kuliko mahali pengine. Joto la ghafla huupanua ukanda huo na kuudhoofisha. Kwa hiyo mtu akipika kipande cha mota maabara akapata matokeo mazuri, asidhani zege lake litafuata vile vile. Bidhaa za mota, mfano vigae vya saruji vya kuezekea, hukomazwa katika vyumba vya joto na unyevu kwa urahisi zaidi. Ni vyembamba na joto huvipenya sawasawa. Boriti nene ina hesabu yake.

DENI

Tuchukue sasa boriti iliyofuata hatua zote nne bila kosa. Je, mvuke ni nguvu ya bure? Hapana. Ni mkopo.

Ukipima zege lililovundikwa kwa mvuke na zege la mchanganyiko ule ule lililokaa kwenye maji ya nyuzi 20, siku ya kwanza la mvuke litakuwa limeliacha mbali. Siku ya saba pengo linapungua. Ikifika siku ya 28, mara nyingi lile la polepole limeshapita, na la mvuke limebaki nyuma kwa kiasi cha sehemu ya kumi, pengine zaidi. Mistari miwili ya nguvu inakatana njiani.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi yalitolewa na Verbeck na Helmuth katika mkutano wa kimataifa wa kemia ya saruji mjini Tokyo mwaka 1968. Saruji ikifanya kazi polepole, madini mapya yana muda wa kusafiri na kujaza nafasi zote kati ya chembe. Ikiharakishwa kwa joto, yanarundikana papo hapo kuizunguka chembe na kufanya ganda zito. Ganda hilo linaifungia chembe isipate maji tena, na nje ya ganda nafasi zinabaki wazi. Ndiyo ile ndizi ya kuvundika kwa pupa: nje manjano, ndani mbichi.

Deni hili linaweza kupunguzwa. Joto la juu likiwa nyuzi 60 badala ya 80, deni ni dogo. Kusubiri kwa saa zile za mwanzo kunalipunguza. Maji kidogo katika mchanganyiko yanalipunguza. Kuchanganya saruji na unga wa masalia ya viwanda vya chuma, au majivu ya makaa ya mawe, kunasaidia sana, kwani vitu hivyo ni vivivu kwenye baridi lakini huamshwa na joto, na huendelea kujaza nafasi baadaye. Mhandisi mwenye akili huyahesabu yote hayo tangu mwanzo, akalipima zege lake kwa nguvu itakayobaki, asidanganywe na nguvu ya asubuhi.

Lakini lipo deni jingine ambalo halionekani katika siku ya 28 wala katika mwaka wa kwanza. Katika kusaga saruji huongezwa jasi ili isigande haraka. Jasi hiyo hushirikiana na saruji na maji kufanya fuwele ziitwazo etringaiti. Zikitokea mapema, zege likiwa bado laini, hazina madhara. Joto likizidi kama nyuzi 70, fuwele hizo haziwezi kudumu. Viungo vyake vinamezwa na kufichwa ndani ya zege. Miaka inapita, mvua inanyesha, unyevu unaingia, na fuwele zinaanza kuzaliwa upya, safari hii ndani ya jiwe gumu lisilo na nafasi. Zege linavimba kutoka ndani na kupasuka.

Ugonjwa huu ulijulikana sana kupitia mataruma ya reli. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Ujerumani na Finland walieleza mataruma ya zege yaliyopasuka baada ya miaka kadhaa, ambayo yalikuwa yamekomazwa kwa joto kubwa kiwandani. Asubuhi ya kutolewa kwenye fomu yalikuwa na nguvu zake. Tangu hapo namba 70 inaogopwa na kila mtengeneza mataruma, na kanuni nyingi zinaagiza kubaki chini yake. Hili linatuhusu, kwani reli mpya za Afrika Mashariki, ile ya Mombasa na Nairobi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 na ile ya Dar es Salaam na Morogoro iliyoanza mwaka 2024, zimelala juu ya mataruma ya zege. Taruma halionekani na abiria, lakini ndilo linalombeba.

NYUMBANI HATUNA BWELA, TUNA JUA

Msomaji wa Tanga, Mombasa au Bujumbura atauliza: mvuke wa Wazungu unanihusu nini? Unamhusu sana, kwa sababu yeye tayari amepewa nusu ya mvuke bure. Joto analo. Ndugu zetu walioko Oman na Ghuba wanalo hata kupita kiasi, mpaka huko zege huchanganywa kwa maji yaliyopozwa au barafu ili lisikimbie kabla halijamwagwa. Kinachokosekana kwetu ni nusu ya pili: unyevu.

Jua bila maji ni mwizi. Linapasha zege na papo hapo linaninginiza maji yake hewani. Zege lililoachwa wazi juani na kwenye upepo tangu mwanzo, bila kumwagiwa, linaweza kupoteza hata karibu nusu ya nguvu ambayo lingeipata kama lingewekwa na unyevu. Tunajua sote matofali yanayofyatuliwa asubuhi, yakamwagiwa ndoo mbili jioni, na siku ya tatu yakapakiwa kwenye lori. Ukiyashika kona inabaki mkononi. Gunia lililoloweshwa, turubai la nailoni au mchanga wenye maji juu ya jamvi kwa siku 7 hufanya kazi ambayo kiwanda cha huku kinailipia gesi.

Jambo la pili ni mfuko wa saruji wenyewe. Wengi wetu hununua kwa jina na bei, hatusomi namba. Mfuko ulioandikwa 32.5 au 42.5 unataja nguvu ya chini kabisa ya mota ya kipimo katika siku ya 28, kwa niutoni katika kila milimita ya mraba. Mota hiyo hupimwa kwa fungu moja la saruji kwa matatu ya mchanga. Herufi inayofuata ndiyo inayohusu haraka: R ni yenye nguvu ya mapema, N ni ya kawaida. Kwa kanuni za Ulaya ambazo nchi zetu zimezifuata, 42.5R hutakiwa kufikisha 20 katika siku 2, 42.5N hutakiwa 10 katika siku hizo hizo, na 32.5N haipimwi kabisa siku ya pili. Husubiriwa mpaka siku ya 7 ndipo itakiwe 16. Mwenye 32.5N akiharakia mirunda kama mwenye 42.5R anajitafutia balaa. Saruji hiyo haina kasoro. Ni ya polepole kwa maumbile, na inafaa sana kwa plasta na kujengea kuta.

Asubuhi ya Jumamosi tulimpigia mpwa wetu, tukamwambia akasome mfuko. Ilikuwa 32.5N.

Tukamweleza kanuni ya zamani ya Uingereza, ambayo wahandisi wengi wa kwetu walisomeshwa. Kwa saruji ya kawaida na joto la nyuzi 16 au zaidi, mbao za ubavuni zinaweza kutoka baada ya nusu siku. Mbao za chini ya jamvi siku 4, lakini mirunda ibaki. Mirunda ya jamvi siku 10. Mirunda ya boriti siku 14. Na hiyo ni kwa saruji iliyo na haraka kuliko yetu. Zege letu lilikuwa na siku 5 siku ile, joto lilikuwa upande wetu, saruji haikuwa upande wetu, na maji lilimwagiwa mara moja tu kwa siku. Nyundo ya fundi ililia kwa sababu ngozi ya juu imekaza. Nyundo haifiki tumboni, na mzigo unabebwa na tumbo.

Fundi akachukua simu mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. "Kaka, mimi nimejenga nyumba ngapi hapa mjini, hakuna iliyoanguka. Mbao hizi ndizo ugali wa watoto wangu. Zikikaa kwako siku 10 bure, nani atanilipa?"

Tukakaa kimya kidogo, kwani alikuwa na haki yake. Katika makadirio ya ujenzi tulihesabu saruji, nondo, kokoto, mchanga na ujira. Siku za mirunda kusimama bila kufanya lolote hatukuzihesabu, na hakuna tunayemjua aliyezihesabu. Kiwanda cha Uingereza kinanunua muda kwa mvuke na kinauandika kwenye vitabu. Sisi tulitaka muda huo tuupate bila kuulipia, tukamwachia fundi hasara, kisha tukamshangaa anapokimbilia nyundo.

Tukakubaliana kodi ya mbao na mirunda kwa kila siku mpaka siku ya 21. Ilikuwa chini ya bei ya mifuko kumi ya saruji. Mpwa wetu akatandaza magunia juu ya jamvi, akayalowesha asubuhi na jioni, mtoto wa jirani akimsaidia. Siku ya 21 mirunda ikang'olewa kuanzia katikati kwenda pembeni, na fundi akaenda na mbao zake kwenye saiti nyingine. Huko nako, kwa maelezo ya mpwa wetu, amemwambia mwenye nyumba kuwa siku za mirunda zina bei yake.